Wateja Waliohama Proton: Siasa za Kampuni na Faragha ya Barua Pepe

Ndugu wasikilizaji, kampuni ya Proton ya Geneva, iliyoanzishwa mwaka 2014 na wanasayansi waliokutana CERN, maabara ya utafiti wa fizikia iliyoko huko Geneva, iliahidi barua pepe ambazo hata mwenye seva, yaani kompyuta zinazozihifadhi, hawezi kuzisoma. Desemba 2024 mtendaji mkuu wake, Andy Yen, alimsifu hadharani Gail Slater, aliyeteuliwa na Donald Trump kuongoza idara ya kupambana na ukiritimba katika Wizara ya Sheria ya Marekani, akadai kwamba chama cha Republican ndicho sasa kinachowatetea wadogo dhidi ya makampuni makubwa. Mwezi uliofuata akaunti rasmi ya kampuni ilimuunga mkono Yen, kisha ikalifuta andiko hilo, na baadhi ya wateja wakaanza kuhama.

Wapo waliowabeza, wakisema kwamba usimbaji fiche, yaani kuufunga ujumbe usomwe na mwenye ufunguo tu, ni hesabu tu na hauna chama. Ni kweli kwamba ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa mteja haufunguki kwa sababu mkurugenzi ametoa maoni yake. Lakini si kila kitu kimefungwa hivyo. Mtu akiandika kwenye mstari wa mada "Majibu ya kipimo cha VVU", maelezo ya ndani yanaweza kufungwa barabara, ilhali mada yenyewe, pamoja na majina ya mwandishi na mwandikiwa, Proton inaweza kuiona. Mwaka 2021, kwa amri halali ya mamlaka za Uswisi, kampuni hiyo ililazimika kurekodi na kukabidhi anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) ya mwanaharakati wa mazingira aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Ufaransa. Hapo ndipo mteja anategemea watu na sheria zao, wala si hesabu, na kwa hiyo ana haki kamili ya kuuliza wenye kampuni wanaegemea wapi.

Hata hivyo, nawasihi wanaohama wapime wanakokwenda. Tuta, huduma ya barua pepe ya Hannover, Ujerumani, husimba hata mada; huduma nyingine, Posteo na Mailbox.org za Berlin, zina utaratibu mwingine, na barua nyingi hazifungwi kwa ufunguo wa mteja asipochagua hivyo mwenyewe. Kurudi Gmail kwa hasira ni kupoteza zaidi. Tena, tangu Juni 2024 mwanahisa mkuu wa Proton ni wakfu usiolenga faida, na mimi naona hilo lina uzito kuliko andiko moja la mkurugenzi.

Kinachowabana wengi ni anwani. Benki, mamlaka ya kodi na shule ya watoto vyote vinaijua ile inayoishia na jina la kampuni. Anayeweza kulipia kikoa chake mwenyewe, yaani jina lake la intaneti linalokuja baada ya alama ya @, atahama na anwani yake popote. Asiyeweza asiifunge akaunti ya zamani mpaka ahakikishe kwamba hakuna huduma hata moja inayotuma huko barua za kubadilisha nenosiri.