Daudi hakurudi na Sauli

Bwana Yesu asifiwe. Asifiwe tena! Asanteni, kaeni.

Nimepewa mada, "Mamlaka ya kiroho na uanafunzi". Walionisikia huko nyuma wanajua naanzia wapi, na mama mmoja wa kwaya ameshaanza kucheka. Cheka tu, mama. Nitalirudia hili mpaka siku watu watakapoacha kuugeuza mstari huu kuwa rungu.

Zaburi ya 105, mstari wa 15: "Msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu. Mtumishi akiulizwa risiti za mabati, anausoma. Akiulizwa binti wa watu anafanya nini ofisini kwake saa tatu usiku, anausoma kwa sauti zaidi. Haya, rudini nyuma mistari mitatu. Wanaosemwa pale ni Abrahamu, Isaka na Yakobo: watu wachache, wageni, wanaotangatanga toka taifa hata taifa. Wanaokemewa ni wafalme. Mungu anamlinda asiye na kitu mbele ya mwenye jeshi. Leo mwenye walinzi wanne mlangoni anajificha nyuma ya mstari huohuo ili asiulizwe na mjane sadaka yake imekwenda wapi!

Najua mtakachosema. "Mchungaji, na Daudi je? Si alikataa kumgusa Sauli?" Alikataa, na nashukuru kuulizwa. Twendeni En-gedi, 1 Samweli 24. Mfalme Sauli amekuja na watu elfu tatu kumtafuta mtu mmoja, Daudi, amuue. Anaingia pangoni kujisaidia, hajui kwamba Daudi na watu wake wamo humohumo ndani. Daudi ananyemelea, anakata upindo wa vazi lake, kisha moyo unamchoma hata kwa kale kapande ka nguo. Hapo wahubiri wetu wanafunga Biblia, wanapokea sadaka.

Msifunge. Sauli akishatoka, Daudi anatoka pia, anamwita, anainama kifudifudi mpaka chini, anamwita "baba yangu". Baada ya heshima yote hiyo, anauinua ule upindo juu, watu elfu tatu wanatazama, anamwambia: unaniwinda bure, Bwana na aamue kati yangu na wewe. Hadharani! Hakumtumia mzee wa kanisa faraghani. Sauli analia machozi, anakiri, "Wewe u mwenye haki kuliko mimi."

Sasa mstari wa mwisho wa sura, ambao sijawahi kuusikia kwenye mkutano wa injili. Sauli akaenda kwake. Daudi na watu wake wakapanda kwenda ngomeni. Hakurudi naye! Alimsamehe, hakumdhuru, alimwita baba, ila ule mkuki aliorushiwa na Sauli, wa sura ya 19, hakuusahau. Kwa hiyo ukitaka kumtumia Daudi kumfundisha mtu utii, mtumie mpaka ngomeni.

Nayasema haya kwa sababu ya binti aliyenijia na barua ya ajira mkononi. Amepata kazi mkoa mwingine, tarehe ya kuripoti imebaki siku chache, na anaogopa kupanda basi. Kisa? "Baba yangu wa kiroho hajaniachilia." Akanipa simu nisome ujumbe: akiondoka bila kuachiliwa, ametoka nje ya kifuniko, yaani ulinzi wa kiroho wa huyo baba, na lolote litakalompata huko asimlaumu mtu. Nikamuuliza huyo baba anamfahamu mama yake mzazi? Hapana. Anajua anaishi wapi? Hapana. Anajua nini? Anajua namba anayotumia kutuma fungu la kumi. Nilimwambia akakate tiketi.

"Lakini Waebrania 13:17 inasema tuwatii viongozi!" Inasema, na mimi ni kiongozi, naupenda sana. Umalizieni. Wanakesha kwa ajili ya roho zenu, kama watu watakaotoa hesabu. Nusu ya mstari ni mzigo wa kiongozi, na anayekesha anajua ni mtoto gani nyumbani ana homa. Wewe una baba wa kiroho uliyempata kwenye simu, yuko mji mwingine, hata jina lako halijui. Atakutolea hesabu gani?

Wala sisemi kila mtu ajichunge. Huko nako kuna shimo. Uanafunzi unataka watu wanaokuona Jumatatu, siyo Jumapili tu. Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa miaka ya 1930, walilijua hili. Habari za Gahini, ile hospitali ya misheni kule Rwanda ulikowaka, mnazijua, sizirudii. Angalieni jambo moja tu. Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekutana na daktari mmisionari Joe Church pale Namirembe, Kampala, mwaka 1929, hakuwa mchungaji. William Nagenda, Mganda mwenzake, hakuwekewa mikono ya uchungaji mpaka anakufa. Hawakuwa na cheo, lakini watu waliwasikiliza kutoka Rwanda mpaka Ulaya. Kwa nini? Kwa sababu walikaa ushirika mmoja na wengine, nuruni, yaani wakiungama wazi bila kuficha, na kila ndugu alikuwa na ruhusa ya kuwauliza. Wamisionari Waingereza walitubu mbele ya Waafrika katika nchi za kikoloni, mkumbuke!

Na wakati wa kukataa, walikataa. Mwaka 1941, chuo cha theolojia cha Askofu Tucker, Mukono, Uganda. Wanafunzi wa Uamsho wanaamka kabla ya alfajiri, wanasali, wanahubiri. Mkuu wa chuo anapiga marufuku. Wanamjibu kwa adabu kwamba hawawezi kuacha. Wakafukuzwa 26, Nagenda akiwemo. Mtu aliyekaribia kuwa kasisi anarudi nyumbani na sanduku lake! Siku hizi wiki inayofuata tungekuwa na kanisa jipya, bango, na nabii. Wale walikaa ndani ya Anglikana ileile, Jumapili wamo kwenye viti, katikati ya wiki wamo kwenye ushirika. Hawakumtukana askofu, na kuhubiri hawakuacha. Mnaona ni Daudi yuleyule?

Msidhani nawafanya malaika. Nao walikuwa na yao. Uchumba ulipelekwa kwa ndugu ujadiliwe, na wapo waliopimwa wokovu kwa mtindo wa nywele. Ushirika nao unaweza kuwa Sauli, tena Sauli mwenye vichwa ishirini. Hilo lingetaka mhadhara wake.

Naona mwenyekiti anagonga saa. Nilikuwa na hoja tatu, hii ilikuwa ya kwanza. (Kicheko.)

Ya pili kwa ufupi: Shakahola. Mwaka 2023, msitu wa kaunti ya Kilifi, Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya waumini wanaodaiwa kuambiwa na mchungaji wao wafunge mpaka kufa. Kesi iko mahakamani, siingii huko. Ninachowaomba viongozi wa vijana ni kwamba msiseme "wale walikuwa wajinga". Walikuwa watu wanaosali. Muulizeni kijana wenu leo jioni: mchungaji akikwambia usimpeleke mtoto hospitali, utafanya nini? Sikilizeni atajibu haraka kiasi gani.

Ya tatu ni fedha. Someni 2 Wakorintho 8, mstari wa 18 hadi 21, nyumbani. Paulo, mtume mzima, anakataa kuubeba mchango wa Yerusalemu peke yake. Anasindikizwa na ndugu waliochaguliwa na makanisa, si na yeye, ili mtu asije akamlaumu. Kama kanisani kwenu anayehesabu sadaka, anayeipeleka benki na anayesoma taarifa ni mtu mmoja na mkewe, pelekeni mistari hiyo kwenye kikao cha baraza. Pelekeni kwa heshima, na iandikwe kwenye muhtasari.

Haya, maswali. Kijana wa shati la bluu ameinua mkono muda mrefu, mpeni kipaza sauti.