Kisia Kwanza, Kisha Utazame

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie video za mtandaoni, na mwaliko umezigawa mafungu mawili: za burudani na za elimu. Mgawanyo huo naukataa tangu mwanzo. Atakayenipinga, muda wa maswali upo.

Turudi nyuma hadi 1894. Huko Ufaransa, mwanafiziolojia Étienne-Jules Marey alikuwa na kamera ya kupiga picha nyingi mfululizo ndani ya sekunde moja. Akaielekeza kwa paka aliyeachiwa mgongo ukiwa chini. Paka, kama kawaida yake, akajigeuza hewani na kutua kwa miguu. Mnacheka, lakini picha zile ziliwashughulisha wanasayansi wazito. Wengi waliamini kwamba kitu kisichozunguka hakiwezi kujigeuza hewani pasipo pa kujisukumia, hivyo wakadhani paka hujisukuma kwenye mkono wa aliyemshika. Picha zikawaumbua: anapoachiwa, hazunguki hata kidogo. Hujikunja kiunoni, akakusanya miguu ya mbele na kunyoosha ya nyuma. Nusu ya mbele, kwa kuwa imekusanyika, hugeuka sana, huku ya nyuma ikigeuka kidogo upande wa pili. Kisha hubadilisha: hunyoosha ya mbele, hukunja ya nyuma, na nusu ya nyuma ikafuata. Kwa hiyo video za paka, tunazozitaja kila tunapolaumu upuuzi wa intaneti, zina babu yao maabara.

Mwaka uliofuata ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema wa Ufaransa, walionyesha filamu isiyotimiza dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia, kijana anakanyaga mpira wa maji kwa nyuma, maji yanakatika, mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira... Mmeshajua kinachofuata, na bado mnatabasamu.

Sasa tazameni hapa. Hii ni springi ndefu na laini, ya kuchezea watoto. Naishika juu, inaning'inia mpaka inatulia. Nikiiachia, ncha ya chini itafanya nini? Wanaosema itaanguka papo hapo, mikono juu. Wengi. Itapanda kwanza? Haya. Itabaki palepale? Wachache, na wawili mnatazamana, nadhani mmeshaiona. Naiachia. Sasa skrini, tumeipunguza kasi. Juu inaporomoka, chini imebaki hewani, haijashikwa na mtu, mpaka sehemu ya juu iifikie. Ncha ile inavutwa chini na uzito wake na kuvutwa juu na springi iliyo juu yake, na nguvu hizo zinalingana. Ninapoachia, mabadiliko hayafiki chini mara moja. Husafiri kupitia springi yenyewe. Kabla hayajafika, ncha ya chini haina sababu ya kuondoka.

Sauti mliyoitoa hivi punde ndiyo mada yangu. Ni nusu mshangao, nusu kicheko, na isingetoka kama ningewapa jibu kabla ya kuwauliza. Mchekeshaji huishi kwa sauti hiyo: anakujengea tarajio, halafu analivunja. Mwalimu wa sayansi hufanya vivyo hivyo, ila yeye hana haja ya kubuni.

Derek Muller, ambaye wengi mnamfahamu kwa Veritasium, chaneli ya sayansi ya YouTube aliyoianza 2011, alilichunguza jambo hili kabla ya umaarufu, katika tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Sydney, 2008. Wanafunzi walioonyeshwa video yenye maelezo manyoofu ya fizikia waliisifu: inaeleweka, haina utata. Walipopimwa, alama zao zilikuwa karibu palepale, na wengine walizidi kujiamini katika makosa yaleyale. Kundi jingine liliona video ambayo ndani yake mtu anatoa mawazo potofu ya kawaida, kisha yanajadiliwa. Hawa walilalamika kwamba inachanganya. Alama zao ndizo zilizopanda.

Nawaomba watayarishaji wa maudhui waliomo humu wakae na jambo hilo kidogo. Maoni ya "umeeleza vizuri sana" huenda yanatoka kwa mtu ambaye hajajifunza chochote.

Halafu kuna mashine, ile programu inayochagua video za kukupendekezea. Mwaka 2012 YouTube ilianza kuupa uzito muda ambao mtu anatazama, badala ya idadi tu ya waliobofya. Nia ilikuwa njema, kwani vichwa vya video vya uongo vilikuwa vimezidi. Lakini ikazaliwa tabia ya kuficha jibu hadi dakika ya mwisho. Video ya "subiri uone" haijakuuliza kitu. Imekupanga foleni tu.

Upande wa teknolojia ndiko kukavu zaidi, nawaambieni ukweli: simu inatolewa kwenye boksi, sifa zinasomwa, kwaheri. Marques Brownlee, mkaguzi maarufu wa simu kwenye YouTube, alifanya tofauti. Mwaka 2018 alianza kuweka picha zilizopigwa na simu mbilimbili bila majina, watazamaji wakapiga kura, mshindi akasonga mbele. Mwaka ule wa kwanza iPhone X ilitolewa raundi ya kwanza kabisa. Mara nyingi watu walichagua tu picha yenye mwanga zaidi. Hebu mfikirie shabiki sugu wa chapa moja, aliyebishana miaka yote, anafunuliwa kwamba kura yake mwenyewe imeipa ushindi simu ya wapinzani. Nani atasema hiyo si komedi?

Karibuni kwa maswali.