Kamusi ya Majina Matano

Wazazi, walimu wenzangu, vijana wetu wa Kisumu, hamjambo? Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nimewaletea vitu viwili. Hiki cha kwanza ni kamusi. Jalada lake lilishang'oka, likashonwa kwa uzi wa gunia na kuvikwa karatasi ya kaki. Ukurasa wa kwanza una majina matano ya wanafunzi. Manne yamekatwa kwa kalamu, la tano ni la mtoto anayeitumia sasa. Hii ya pili ni tableti. Imetumika miaka miwili tu. Tazameni ubavuni: betri imefura mpaka kioo kimeachana na mgongo.

Kipi kati ya hivi kimeyaumiza mazingira zaidi? Vijana wengi hunijibu upesi: kamusi, maana karatasi ni miti.

Ni kweli karatasi haitoki bure. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza uzalishaji mwaka 1974 na kusimama mwaka 2009, na wenyeji bado wanaikumbuka harufu ile ya yai viza. Ndivyo ilivyo mbao zikichemshwa kwa kemikali zenye salfa. Maji machafu ya kazi hiyo yasiposafishwa vyema huwanyima samaki hewa mtoni. Nao Mto Nzoia unaopita Webuye unaishia katika ziwa hili letu.

Lakini tableti nayo ilichimbwa ardhini kabla ya kuundwa. Kobalti ya betri, sehemu kubwa ya ile inayotumika duniani, hutoka kwa jirani zetu wa Kongo. Watu huhofia umeme wa kuchaji. Kwetu Kenya huo si mzigo mkubwa: umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, wa upepo na wa maji, kama huo wa Sondu Miriu hapa karibu. Madhara mengi yalishafanyika kiwandani, kabla hujafungua boksi.

Mwaka 2009 kampuni ya Cleantech ya Marekani ilikadiria kwamba kitabu kimoja cha karatasi husababisha kilo 7.46 za hewa ya kaboni, na Kindle moja, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kilo 168 katika maisha yake yote. Gawanya, utapata vitabu 22 na ushee. Basi watu husema, nikisoma vitabu 23 kwenye kifaa changu, nimeshalipa deni.

Hapo ndipo ninapokataa. Hesabu hiyo ni ya mtu anayenunua kitabu, akakisoma peke yake, kikakaa kwenye rafu. Sisi hatusomi hivyo! Kitabu chetu humwendea mdogo wa mtu, kisha binamu, kisha mtoto wa jirani. Chukua kilo 7.46 uzigawe kwa wasomaji watano, kila mmoja anabaki na kilo moja na nusu hivi. Sasa kifaa hicho kitahitaji kusomewa vitabu zaidi ya 110 ndipo kilingane na kamusi hii. Hiki changu hakikufikisha hata 20.

Kifaa kimoja kikitumiwa na darasa zima kwa miaka mingi, hesabu inageuka, na hapo mimi mwenyewe nitakitetea. Shida ni kwamba hakidumu. Fundi mmoja wa Kondele aliniambia betri ya aina hii haipatikani tena. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nyingine huishia jaani, nyaya zikachomwa ili ipatikane shaba, na moshi wake wa sumu ukavutwa na watoto.

Kwa hiyo shule ikiletewa tableti, ulizeni kwanza: betri inabadilishika? Vipuri viko? Nani atazichukua zikifa?

Tableti hii nitarudi nayo nyumbani. Naomba mlio na betri iliyofura msiichaji, msiitoboe wala msiitupe kwenye moto, kwani hulipuka. Iwekeni penye ubaridi, mbali na watoto, mpaka mumpate anayekusanya taka hizi.