Karatasi Ilisema Sina Kitu

Mhadhara kwa vikundi vya akina mama na wahudumu wa afya, Iringa mjini, mwezi Oktoba

Kamwene! Mbona mnaitikia kinyonge, chai haijapita? Kamwene tena. Haya, afadhali.

Mwenyekiti amenipa nusu saa na akanionya nisiimalizie yote kwa fundi cherehani. Mlionisikia Mafinga mnacheka kwa sababu mnajua fundi lazima aje. Atakuja. Kwanza nimalizane na methali.

Kila Oktoba ikifika, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti, kwenye fulana za pinki, kwenye mabango, kwenye kipaza sauti cha mshereheshaji, ni hiyo hiyo: mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali nzuri, sina ugomvi na wazee. Ila mimi nakaa pale mbele na titi moja, naisikia, najiuliza hivi wananisema mimi? Mimi sikuficha maradhi. Maradhi yalijificha yenyewe, tena mbele ya mashine. Nilikuwa nakwenda kupima bila kusukumwa na mtu. Binti yangu anaishi Dar, na nikienda kumsalimia napitia mamografia, ile eksirei ya matiti. Titi linabanwa katikati ya bamba mbili, picha ya juu, picha ya ubavu, la pili nalo hivyo hivyo, unavaa unaondoka. Karatasi ikatoka: hakuna dalili za saratani. Nikaiweka kwenye mkoba wa nyaraka, jirani na hati ya kiwanja.

Sasa fundi.

Kwaya yetu ilikuwa inashona sare za Pasaka. Fundi wetu yuko sokoni, kijana wa maneno machache, tepu shingoni, pini mdomoni, na daftari lenye vipimo vya wanakwaya wote tangu alipoanza kazi. Nilikwenda kujaribu gauni. Akabana pini upande huu, akabana upande ule, akarudi nyuma kuangalia. Akazichomoa. "Mwalimu, simama sawa." Nikamwambia nimesimama sawa. Akapima kutoka begani kushuka kifuani, kushoto, halafu kulia, halafu akarudia kulia. Akafungua daftari. Mwaka uliotangulia pande zote mbili zilikuwa sawa. Siku hiyo kulia ilipungua nusu inchi. Akasema huku akitazama kitenge, maana kijana wa Kihehe hawezi kumtazama mtu wa umri wa mama yake akimwambia habari za kifua: "Mwalimu, upande huu umepanda. Sijui ni mimi nimekosea."

Hakukosea. Nyumbani nilisimama mbele ya kioo. Mikono ikiwa chini, huoni kitu. Nilipoinua mikono yote miwili juu ya kichwa, chuchu ya kulia ikageukia pembeni, na chini yake ngozi ikavutwa kwa ndani, kidogo tu, kama upana wa kidole. Nikapapasa. Uvimbe sikuukuta. Tumefundishwa wote kutafuta uvimbe, na mimi uvimbe sikuwa nao. Nilichokuta ni unene, ugumu wa bapa usio na mwanzo wala mwisho, na hauumi.

Nikaenda hospitali. Siitaji ni ipi, na mkinifuata nje pia siitaji. Daktari kijana, mstaarabu, shikamoo yake ya heshima kabisa. Nikamweleza: titi limepanda, ngozi inavutwa. Akaniuliza, "Mama, umewahi kupima?" Nikampa karatasi. Akaisoma mpaka chini, uso ukamchangamka. "Mama, hii ni ya miezi michache tu iliyopita. Uko salama. Hayo ni mabadiliko ya umri." Akaniandikia dawa ya maumivu. Ya maumivu! Nani alitaja maumivu? Ndugu zangu, yule daktari hakunifungua hata kifungo kimoja. Alimpima mgonjwa aliyekuwa mezani kwake, na mgonjwa huyo alikuwa karatasi.

Wahudumu mliokaa upande ule, msinune. Aliyeniokoa naye ni mhudumu. Ni mama mmoja tabibu kwenye kituo cha afya, karibu kustaafu. Alinilaza, mkono wangu nyuma ya kichwa, akatumia vidole vitatu vikiwa bapa, akazunguka titi lote bila haraka, akapanda mpaka kwapani. Nikataka kumtolea karatasi. Akasema, "Iache kwanza." Akapapasa tena mahali pale pale. "Hapa pana kitu. Karatasi iseme itakavyosema, hapa pana kitu." Siku hiyo hiyo nikaondoka na rufaa. Altrasaundi ikaona kivuli. Sindano nene ikachukua vinyama. Maabara ikasema saratani ya lobula, yaani ya vitezi vya maziwa, na tezi za kwapani zilikuwa zimeshafikiwa. Hatua ya tatu.

Ilikuwaje mashine isione? Niliuliza mpaka nikawachosha, kwa sababu nimefundisha baiolojia maisha yangu yote na sikubali kuambiwa "ni mipango ya Mungu" kabla sijaambiwa habari za seli.

Titi lina mafuta, na lina nyama ya vitezi na nyuzi. Kwenye picha ya mamografia mafuta hutoka meusi. Vitezi na nyuzi hutoka vyeupe. Na saratani nayo hutoka nyeupe. Mwanamke ambaye titi lake ni mafuta mengi, doa jeupe linaonekana wazi. Mwenye titi zito, lililojaa vitezi na nyuzi, msoma picha anatafuta kondoo mweupe ndani ya ukungu wa Makete mwezi wa sita. Na uzito huu haujulikani kwa kushika, wala hauhusiani na ukubwa wa titi. Unaonekana kwenye picha tu. Madaktari wa picha wanaugawa makundi manne, A mpaka D. Huko Marekani, ambako wamehesabu, karibu nusu ya wanawake waliovuka miaka 40 wamo kwenye makundi mawili ya mwisho. Vijana ndio zaidi. Na titi zito, mbali na kuficha, lenyewe linaongeza kiasi fulani hatari ya kupata ugonjwa.

Hilo moja. La pili ni aina ya saratani. Nyingi huanza kwenye mirija inayopitisha maziwa. Yangu huanza kwenye vitezi vinavyoyatengeneza, na kati ya saratani 100 za matiti zilizovamia nyama ya jirani, hizi huwa 10 hadi 15. Seli zake hupoteza protini ya kushikamana, E-kadherini. Zikishapoteza hiyo hazikusanyiki kuwa donge. Zinapenya moja nyuma ya nyingine, kimya kimya, mpaka titi linakuwa gumu na kuanza kuvutwa. Ndiyo maana sikupata uvimbe, na ndiyo maana tepu ya fundi iliwahi.

Kilichonikera kuliko vyote nilikikuta baadaye. Ile karatasi yangu, nilipoisoma upya kwa miwani, ilikuwa na mstari wa Kiingereza katikati uliosema kwamba tishu za matiti ni nzito, jambo linaloweza kuficha uvimbe mdogo. Imeandikwa! Aliyesoma picha aliona kwamba haoni, akaandika kwamba haoni, na chini yake ikaja hitimisho kwamba sina kitu. Na yule kijana wangu wa shikamoo aliisoma mpaka chini.

Naona mkono. Najua swali, kila mahali linakuja: "Kwa hiyo mwalimu unasema tusipime?" Hapana. Hapana kwa herufi kubwa. Mamografia huokoa watu, inaona vitu ambavyo mkono wa mtu hauwezi kuvigusa kwa miaka. Lakini wenyewe wataalamu wa Marekani wanasema hukosa takribani saratani moja kati ya tano zilizopo siku ile ya kupima. Ukikosa mbuzi mmoja kati ya watano jioni, huli ukalala. Unarudi kutafuta. Na sisi wengi hapa hata hiyo mashine hatujaiona. Kipimo chetu cha Oktoba ni mkono wa muuguzi ndani ya hema, foleni ikiwa imefika barabarani. Mkono nao unakosa. Ninachosema ni kwamba karatasi safi inazungumzia siku ile na kipimo kile. Titi likibadilika kesho yake, karatasi imekwisha kazi.

Na mtu asiniambie natisha watu. Nyie wenzetu wa kampeni mnasema "pima ujue afya yako", mama anapima, anaambiwa hakuna kitu, anarudi Kilolo kwake ametulia. Titi linaanza kuvutwa, anajiambia mimi nilipimwa. Nani amemtuliza?

Wenye mashine kila kona nao walihitaji kushurutishwa. Kule Connecticut, Marekani, mama mmoja aliyeitwa Nancy Cappello alikuwa na mamografia safi kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2004 akaambiwa ana saratani hatua ya tatu. Akauliza kwa nini hakuwahi kuambiwa kwamba matiti yake ni mazito, wakati madaktari walijua. Akaambiwa si utaratibu. Basi akaenda kuutengeneza utaratibu, na mwaka 2009 Connecticut ikawa jimbo la kwanza kuweka sheria ya kumwambia mwanamke. Alifariki mwaka 2018. Tangu tarehe 10 Septemba 2024 kila kituo cha mamografia nchini kwao lazima kimwambie mwanamke kama matiti yake ni mazito au la. Na Uholanzi walichukua wanawake wenye matiti mazito kabisa ambao mamografia zao zilikuwa safi, wengine wakaitwa kwa kipimo cha MRI, mashine kubwa ya picha inayotumia sumaku. Matokeo yalitoka 2019: saratani zinazoibuka katikati ya kipimo na kipimo zilishuka kutoka 5 kwa kila wanawake 1,000 hadi 2.5.

MRI, ndiyo, mnacheka. Sikuja kuwadai MRI Pawaga. Lakini altrasaundi mnayo. Mmezoea kuiona ya wajawazito tu, ukimwambia mama aende altrasaundi anakujibu mimi sina mimba. Inapima na titi. Muulize aliyekupa majibu: matiti yangu yako kundi gani? Akisema C au D, uliza kama altrasaundi inahitajika. Na kama titi limebadilika umbo, ngozi inavutwa, chuchu imegeuka au inatoa damu, hutoki pale na neno "umri". Unatoka na rufaa, au unatoka na jina la mtu aliyekataa kukupa.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka lengo kwamba ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Lengo zuri. Mimi nimefika lini mara ya kwanza? Siku ya mashine, siku ya yule kijana, au siku ya tabibu? Wanaotunza takwimu waniambie.

Kuna lingine lazima nilijibu maana limeua watu hapa hapa: kwamba ukichukuliwa kinyama saratani inasambaa. Si kweli. Bila kinyama hakuna anayejua ni aina gani wala inalishwa na homoni gani, na dawa itatolewa kwa kubahatisha. Mnaogopa sindano ya dakika chache, mnakwenda kwa mganga anawachanja kwa wembe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona. Kuishi nao, basi, haraka haraka.

Nilianza na dripu za dawa ya saratani, nywele zikaenda. Kisha upasuaji. Mionzi niliipata Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, na kama unapanda basi la kurudi Iringa na kidonda, beba mto mdogo uuweke chini ya kwapa, kona za mlima Kitonga hazina huruma. Sasa nakunywa vidonge vya kuzuia homoni kila siku, ni miaka mitano mpaka kumi. Vinaleta joto la ghafla, nafungua dirisha usiku wa Julai mzee wangu analalamika anaganda. Viungo vinauma. Mkono wa kulia unavimba nikibeba ndoo, kwa hiyo sibebi, na siruhusu wanipime presha upande huo.

La kukaa nalo ni hili. Titi la kushoto lipo, nalo ni zito vile vile, na linafuatiliwa kwa mashine ya aina ile ile. Kila mwaka napewa karatasi safi na watu wananipongeza. Nasema asante, kisha naomba na altrasaundi, kisha nalala kitandani namwomba daktari aweke mkono. Wengine wanaona nawasumbua. Wazoee. Aina yangu inaweza kurudi baada ya miaka mingi, tena sehemu zisizotarajiwa, tumboni, kwenye utumbo, kwenye ovari. Nikienda kutibiwa kiungulia naanza na historia ya titi.

Nilitaka kusema habari za bima, sitaziwahi. Za akina baba pia: nao hupata, ni wachache, na mliokaa mlangoni mkidhani mmesindikiza wake zenu, nanyi jipapaseni. Muuguzi yuko chumba cha pili mpaka saa kumi, na nimemwomba awaonyeshe kuinua mikono mbele ya kioo, asiishie kwenye kutafuta uvimbe.

Haya, maswali. Mama wa mtandio wa bluu, umenyoosha mkono tangu nilipotaja sindano. Uliza.