Mguso Unaomezwa na Orodha

Ndugu zangu watengeneza programu za simu, nimelisema hili Kampala na Mbale, na nitalisema hadi lisikike. Mhazini wa SACCO anamtafuta mwanachama. Anaandika N-a-k, majina yanashuka: Nakato, Nakku, Nakawuka. Kibodi ikiwa bado wazi anagusa Nakato. Kibodi inafungwa, Nakato hachaguliwi. Inabidi aguse tena. Halafu tunasema hajui simu!

Anajua. Mguso wake umemezwa. Katika React Native, zana ya kutengenezea programu za simu, ScrollView na FlatList (sehemu za skrini zinazoskroli) zina sifa ya keyboardShouldPersistTaps, na usipoiandika huwa "never": mguso wa kwanza nje ya kisanduku cha kuandikia kazi yake ni kufunga kibodi tu, safu yenye jina haiupati. Weka "handled". Safu ikiupokea mguso, kazi inafanyika na kibodi inabaki. Akigusa patupu, kibodi inafungwa. Kwa kuwa inabaki, ifunge mwenyewe kwa Keyboard.dismiss() jina likishachaguliwa. Msikimbilie "always": hiyo hata ukigusa patupu kibodi haiondoki, imeziba nusu ya skrini.

Najua mtakachosema: "Tumeweka handled, bado inasumbua." Orodha yako iko ndani ya nini? Mara nyingi fomu nzima imefungwa ndani ya ScrollView nyingine ambayo haikuwekewa sifa hiyo. Mzazi yule, yaani ScrollView ya nje, ndiye anayemeza, kabla mguso haujaifikia orodha. Panda ngazi kwa ngazi hadi juu kabisa, na kila kinachoskroli kipewe "handled". Kila kimoja! Mkiacha kimoja mmerudi mwanzo.

Tena angalieni onBlur. Wengi wanaitumia kuficha majina kisanduku kikipoteza umakini (focus), yaani kisipoandikiwa tena. Mguso unafunga kibodi, kisanduku kinapoteza umakini, majina yanatoweka chini ya kidole. Hapo hata mguso wa pili hauna cha kugusa. Ficheni majina baada ya kuchagua.

Muda umekwisha, kwa haraka: keyboardDismissMode, sifa inayoamua kama kuskroli kunafunga kibodi, wekeni "on-drag", kwani "interactive" ni ya iOS, kwenye Android ni sawa na "none". Safu isipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini) kwa kimo. Na msijaribu kwenye simu ya kuigiza (emulator) iliyounganishwa na kibodi ya kompyuta: kibodi ya skrini huenda isitokee kabisa, na kosa hamtaliona. Chukueni simu halisi, mkono mmoja, kidole gumba.