Kabla Hujareseti Simu: Hiyo Gmail Iliyomo Ni ya Nani?

Nashukuru, mwenyekiti. Habari za mchana, akina mama. Kaka zangu mliokaa nyuma, habari zenu.

Kabla sijaongea, toeni simu. Kila mtu na yake. Fungueni Mipangilio, shukeni taratibu mpaka mkute palipoandikwa Google, au Akaunti, mbonyeze. Mnaona kuna anwani inaishia na gmail.com? Isomeni kimoyomoyo. Sasa nauliza, na ninaomba jibu la kweli: nani humu anaijua hiyo anwani kuwa ni yake, kaifungua mwenyewe, na nywila yake anaikumbuka bila kwenda kumuuliza mtu?

Mikono 8. Mwenyekiti, tuko wangapi? Sitini na kitu. Basi mada niliyoitiwa mimi fundi wa simu, namna ya kureseti simu kwa usalama, yaani kuifuta kila kitu irudi kama ilivyotoka kiwandani, kwa watu zaidi ya 50 walio humu ndani jibu lake leo ni fupi: usireseti. Usiguse. Hiyo simu ukiifuta jioni hii, kesho asubuhi unalia.

Hizo Gmail tunajua zilikotoka. Ulinunua simu, kijana wa duka akakuwashia, simu ikadai akaunti, ukasema mimi sina, akakwambia usijali mama, nakufungulia sasa hivi. Dakika mbili. Jina akaandika lililomjia, tarehe ya kuzaliwa akachagua ya juu juu, nywila akaweka ile anayowawekea wateja wote, na kwenye namba ya kurejesha akaunti akaweka namba yake. Ukapewa chaja na kava, ukaondoka umefurahi. Nywila hukupewa, wala hukuiuliza. Ni sawa na kujenga nyumba, fundi wa milango akaondoka na funguo, na wewe ukahamia kwa sababu siku hiyo mlango ulikuwa wazi.

Nitasimulia kisa ambacho walionisikia Tandika na Mbagala wanakijua. Mtanisamehe, nitakirudia, na mwaka kesho mkiniita nitakirudia tena.

Kuna mama mmoja, muuza vitenge, mweka hazina wa kikoba cha wanawake 25. Mtu makini sana. Walikuwa na daftari la michango, na kila Jumamosi wakimaliza kuhesabu, alilipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Akisema daftari ni karatasi, linaweza kuloa, linaweza kuibiwa. Na kweli, masika moja maji yaliingia ndani, daftari likaloa, wino ukatawanyika. Hakutikisika. Picha anazo, za miaka miwili.

Baadaye simu ikaanza kuganda. Unabonyeza, unasubiri, unapiga inajizima. Mwana wa kaka yake, kijana mzuri tu wa kidato cha nne, akaitazama akasema, shangazi, hii ni ya kureseti tu. Akaizima, akashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti, ikatokea ile menyu nyeusi yenye maandishi madogo ya Kiingereza. Akashuka mpaka pa kufuta kila kitu, akakubali. Baada ya dakika chache simu ikawaka kama imetoka kiwandani. Ikauliza lugha. Ikauliza Wi-Fi. Halafu ikauliza: ingiza akaunti ya Google iliyokuwa kwenye simu hii.

Akaunti ipi? Mama hakujua hata kama alikuwa nayo. Wakakimbilia dukani, yule kijana alishaacha kazi, kahamia mkoani. Namba yake ilishafungwa. Wakajaribu kubahatisha majina mpaka simu ikachoka nao.

Alinijia Jumatatu. Simu kaifunga kwenye leso, akaifungua juu ya meza yangu polepole, na risiti ameikunja pembeni. Akaniambia, fundi, simu chukua hata wewe. Mimi nataka picha zangu.

Ikabidi nimwambie ukweli. Kwamba simu yenyewe pengine tungepata njia, kwa risiti ile na subira. Lakini picha zilikwisha pale pale kijana alipokubali kufuta, na duniani hapakuwa na fundi wa kumrudishia. Alikaa kwenye benchi langu mpaka alasiri. Hakulia. Alikuwa anahesabu kwa vidole majina ya wenzake na kiasi cha kila mmoja, anachokumbuka.

Fedha za kikoba zilikuwepo zote, benki, hazikupungua hata shilingi. Kilichopotea ni nani ana kiasi gani. Waliokuwa wakituma kwa simu walionyesha meseji zao za muamala, wakahesabiwa vizuri. Waliokuwa wakileta taslimu, wauza mboga, wauza samaki, hawakuwa na ushahidi wowote zaidi ya maneno yao. Mnaona wanaoumia ni nani? Kikoba kikapasuka. Wanawake waliosomesha watoto pamoja wakaanza kupitana njiani bila salamu. Kwa sababu ya Gmail iliyofunguliwa kwa dakika mbili!

Sasa najua kuna mtu hapa anasema moyoni, hao Google ni wakorofi, simu nimenunua mimi, wananifungia nini? Sikiliza. Zamani mwizi akikupora simu, jambo la kwanza alikuwa anaifuta, la pili anaiuza. Apple ndio walioanza kuziba mlango huo mwaka 2013, Google wakafuata mwaka 2015 na toleo la 5.1 la Android, ile programu yao inayoendesha simu. Tangu hapo simu ikifutwa kwa vile vitufe vya pembeni, bila kupitia ndani, inamtaka aliyeishika athibitishe kuwa ndiye mwenyewe. Vile vitufe haviulizi pini wala pateni, mtu yeyote anaweza kuvibonyeza. Kwa hiyo simu ikifutwa kwa njia hiyo inakuona wewe na mwizi ni mmoja, mpaka uonyeshe ufunguo. Kufuli hilo nalitaka. Linakulinda. Ninachogomba ni kufuli kuwa lako na ufunguo kuwa wa kijana wa duka.

Mwingine atasema, mbona Kariakoo wanafungua? Wapo wanaofungua baadhi, kwa kupita kwenye matundu ya programu, na kila toleo jipya matundu hayo yanazibwa. Lakini hata akikufungulia, anakupa simu tupu. Ndicho watu hawataki kunielewa! Kufungua kufuli hakurudishi picha.

Na zile programu za kurudisha picha zilizofutwa? Hapa nitasimama kidogo. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Laurent Simon na Ross Anderson, walichunguza simu 21 za mitumba za Android, za matoleo ya zamani, kuanzia 2.3 mpaka 4.3. Zilikuwa zimefutwa kwa njia ya kawaida ya kureseti, na bado wakatoa humo meseji, picha, hata vibali vya kuingilia akaunti za Google za wenye simu. Kwa hiyo wanaosema vitu hurudi hawakuota, kwa simu zile ilikuwa kweli. Lakini kuanzia Android 6, mwaka huo huo wa 2015, Google wakaanza kuzitaka simu mpya zenye nguvu ya kutosha zifiche kila kilichomo kwa maandishi ya siri tangu zinapotoka kiwandani, na leo ndiyo kawaida ya simu unazozikuta madukani. Ukireseti, simu inautupa ule ufunguo wa kusomea siri hiyo. Kinachobaki ni takataka zisizosomeka na yeyote. Kwa anayeuza simu, ni amani kubwa. Kwa yule mama wa vitenge, ndiyo iliyommaliza. Ni jambo lile lile moja.

Basi tufanyeje? Wale zaidi ya 50, sikilizeni, hapa ndipo pa kwenu. Maadamu simu yako iko wazi na pini yake unaijua, wewe bado ndiye mwenye nguvu. Fungua Gmail mpya, yako, kwa jina lako, namba ya kurejesha iwe laini yako unayoitumia kila siku. Iongeze kwenye simu pembeni ya ile ya kijana, usiiondoe ile kwanza. Nenda kwenye programu ya majina ya watu, toa majina yote kama faili, kisha yaingize kwenye akaunti mpya. Ukiiondoa ya zamani kabla ya hapo, majina yaliyokaa humo yanaondoka nayo, na nimeshaona mtu amebaki na majina manne ya kwenye laini. Washa uhifadhi wa picha kwenye akaunti mpya, usubiri zipande zote, hata kama ni siku tatu za Wi-Fi ya jirani. Kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, Gumzo, ile sehemu ya bakapu, yaani nakala ya akiba, ubadilishe akaunti iwe mpya, ubonyeze kuhifadhi. WhatsApp inarudi kwa namba ile ile na akaunti ile ile, kimoja kikikosekana hairudi. Hayo yakikamilika ndipo unaiondoa akaunti ya kijana.

Nywila iandike. Kwenye daftari. Kwa kalamu. Vijana wa kompyuta wananigombeza kwa hili kila siku, wanasema nywila haiandikwi. Nawajibu: mwizi wa mtandaoni hawezi kuingia kwenye sanduku la mama yangu lenye hati ya kiwanja. Mama yangu nywila akiikariri anaisahau, akiiandika ndani ya simu inafutika na simu. Karatasi ndani ya sanduku, basi.

Halafu hakiki. Sisemi tazama kama imeandika kuwa imehifadhi. Chukua simu ya mumeo, ya binti yako, ingia kwa akaunti yako, tafuta picha moja unayoipenda na jina moja la mtu. Ukiviona pale, vipo. Usipoviona, havipo, hata simu ikuapie. Ukimaliza toka kwenye akaunti.

Na kitu kingine ambacho watu hawakijui: bakapu ya simu yenyewe, yenye meseji za kawaida na mipangilio, Google wanaweza kuifuta ikiwa simu haijatumika kwa siku 57. Usiweke bakapu leo ukaifungia simu kabatini mpaka Ramadhani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitakimbia.

Kwanza jiulize kama kureseti kunahitajika. Nyingi zinazoletwa kwangu zimejaa tu, video za salamu za asubuhi za magrupu ya WhatsApp. Futa hizo, izime uiwashe, simu inapumua. Ile ya yule mama, naamini ndiyo iliyokuwa shida yake.

Ikibidi, pitia ndani, Mipangilio, usitumie vitufe vya pembeni. Chaji iwe zaidi ya asilimia 70. Kama umebadilisha nywila ya Google jana au leo, ngoja saa 24 zipite, ndivyo wenyewe wanavyoshauri. Toa laini, toa memori kadi. Memori kadi ina neno lake: kama uliiunganisha iwe sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu, ukireseti haisomeki tena popote, kwa hiyo nakili vilivyomo mapema. Kama ni ya kawaida, yenyewe haifutiki, na ukiuza simu ukaisahau ndani umemuuzia mtu picha za harusi yako. Wenye laini za ndani, zile zisizo na kadi, someni vizuri simu inapouliza kama izifute. Anayeuza simu aiondoe akaunti kwanza ndipo afute, aliyenunua asije kukupigia usiku. Anayenunua mitumba asitoe hela mpaka simu iwashwe mbele yake mpaka mwisho, bila kudai akaunti ya mtu. Simu za mkopo mnazozilipia kidogo kidogo, kureseti hakuondoi deni wala kufuli la deni.

Kuna dada ananyoosha mkono toka mwanzo. Ndiyo. Anauliza hela za M-Pesa zinafutika? Hapana, dada. Hela haziko ndani ya simu, ziko kwa mtandao, zinafuata namba yako na pini yako. Weka laini kwenye simu nyingine yoyote utazikuta. Zinazokaa kwenye simu ni meseji za muamala, na nimeshawaeleza kilichowapata waliokosa meseji. Zinazohusu kikoba, zinakili daftarini.

Ya wanafunzi na akaunti za shule, na ile ya simu kuflashiwa, yaani kuwekewa programu yake upya, nilikuwa nimeziandaa, muda umekwisha. Wale ambao hawakunyoosha mkono, msiondoke. Nitakaa pale dirishani palipo na umeme. Njooni mmoja mmoja na simu, chaja na daftari. Tunaanza na waweka hazina.