Rubani Kalala Wapi?

SHABANI: Karibuni tena jamani, tupo Shangani hapahapa Mtwara, mkisikia maiki inavuma ni upepo wa bahari. Dada Zuhura hiyo ming'oko weka pembeni kwanza.

ZUHURA: Nakula huku naongea kaka, we anza.

SHABANI: Juzi nimempokea shemeji yako uwanjani, ile bombadia ya mapangaboi imetua, namwona rubani shati jeupe anaburuta begi, nikasema hawa ndo wameyapatia maisha. Usiku nikaingia kusoma habari za wenzao wa Marekani, wale wa ndege ndogo zinazokusanya abiria wa mikoani kupeleka viwanja vikubwa, aisee niliishiwa pozi.

ZUHURA: Si wanalipwa madola?

SHABANI: Saa zinahesabiwa ndege ikitoka getini mpaka ifike geti la kule. Kukagua ndege, kusubiri abiria, mmekwama na ukungu, hapo unapata vijiposho tu.

ZUHURA: Kama bodaboda wa stendi! Kutwa yupo juani, hela inaanza abiria akipanda.

SHABANI: Bodaboda akichoka anaenda kwake, jirani tu hapo. Sasa sikia, Februari 2009, ndege ya Colgan, kampuni mojawapo ya hizo ndege ndogo, ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Yule rubani msaidizi mshahara wake ulitajwa dola 16,000 hivi kwa mwaka, anaishi Seattle kituo chake cha kazi Newark, yaani upande wa pili wa nchi, akadandia ndege ya mizigo usiku kucha, akaja kujiegesha kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Na mafua juu.

ZUHURA: Si angeomba ruhusa?

SHABANI: Kwenye kinasa sauti anasikika akimwambia kapteni kwamba angekuwa kwao asingekuja, ila keshafika, akisema anaumwa hoteli atajilipia mwenyewe.

ZUHURA: Mh. Hapo hata mimi ningeenda kazini.

SHABANI: Japo tusidanganyane, ripoti ilimbebesha kapteni, ndege inapoteza mwendo yeye akavuta usukani badala ya kusukuma. Na ilikuwa bombadia Q400, aina ileile inayotua hapa kwetu.

ZUHURA: Kwa hiyo tusiilaumu ndege.

SHABANI: Eeh. Afu abiria walijua wamepanda Continental, lile shirika kubwa, maana jina ndo hilo, kumbe anayerusha ni Colgan, kama unavyokata tiketi ya basi hili unapandishwa lile.

ZUHURA: Hiyo naijua, ilinikuta Lindi, siti yenyewe imevunjika!

SHABANI: Baadae wakabadilisha sheria, kwa kawaida rubani anatakiwa awe na saa 1,500 angani ndo aajiriwe na tangu 2014 apumzike kwa muda wa saa 10 kabla ya zamu, na 2022 marubani walipoadimika mishahara ikapaa. Ila wengi bado wanaishi mbali na kituo, wanachangia geto la vitanda vya dabodeka.

ZUHURA: Shemeji anarudi lini Dar? Amuulize rubani amelala wapi.

SHABANI: Akiuliza hivo si atashushwa! Hebu sogeza ming'oko huku.